Amir Jamal: Mbunge wa Morogoro aliyeshika daftari la taifa

KUNA imani moja iliyowakalia wakulima na wafanyabiashara wadogo kwa miaka mingi, nayo ni kwamba fedha ina wenyewe. Mama anayeteremsha mikungu ya ndizi kutoka Kinole, kijana mwenye pilipili manga Matombo na mzee anayelima kabichi Nyandira wanaijua ardhi yao kuliko msomi yeyote. Lakini inapofika kwenye hesabu, wengi wao husema hiyo ni kazi ya watu wa benki, au ya tajiri wa mjini. Huona kwamba wanachopata ni kidogo mno kuandikwa. Na kisichoandikwa hakipangiwi, hupita tu mikononi kama maji ya Mto Morogoro wakati wa masika.

Imani hiyo haikuzaliwa katika Milima ya Uluguru, wala si ya wakulima peke yao. Kulikuwa na wakati ambapo nchi nzima iliambiwa, na wananchi wengi wakaamini, kwamba Mtanzania hawezi kutunza sarafu yake, hawezi kuendesha benki na hawezi kuaminiwa na mkopo.

Mmoja wa watu waliokabidhiwa kazi ya kuonyesha kwamba hilo si kweli alikuwa mbunge wa Morogoro. Huyo ni Amir Habib Jamal, aliyekuwa Waziri wa Fedha katika vipindi vitatu kati ya mwaka 1965 na 1983. Wazee wa Morogoro wanalikumbuka jina lake. Vijana wengi hawalijui, ingawa noti wanazohesabu sokoni ni matunda ya kazi aliyoshiriki.

Maisha yake yana funzo lenye pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba aliyeambiwa hawezi anaweza. Upande wa pili, ambao watu husahau kuusema, ni kwamba kushika daftari hakutoshi kama mwenye daftari hafuati linachomwambia.

Mtoto wa wafanyabiashara

Jamal alizaliwa Januari 26, 1922, katika familia ya Waismailia wenye asili ya Gujarat, India. Ilikuwa familia ya biashara kama zilivyokuwa familia nyingi za Kihindi Tanganyika wakati huo. Katika nyumba za namna hiyo mtoto alijifunza mapema kwamba kinachoingia huandikwa na kinachotoka huandikwa, hata kama ni senti kumi.

Alipelekwa India kwa masomo na kupata shahada ya biashara katika Chuo Kikuu cha Calcutta. Hiyo ilikuwa miaka ya 1940, wakati Wahindi walipokuwa katika hatua za mwisho za kudai uhuru wao kutoka kwa Waingereza. Kijana huyo alirudi nyumbani na mambo mawili kichwani: elimu ya hesabu, na imani kwamba watu wanaotawaliwa wanaweza kujitawala.

Alirejea katika biashara ya familia Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifahamiana na Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule Pugu kabla ya kuiongoza TANU. Urafiki huo ulidumu maisha yake yote, na ndio uliomtoa dukani na kumpeleka kwenye siasa.

Sheria iliyomnyima Mwafrika mkopo

Ili kuelewa uzito wa kazi iliyomngoja, inabidi kukumbuka Tanganyika ya wakati huo ilivyokuwa katika mambo ya fedha.

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria iliyozuia Waafrika kupewa mkopo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa kama mkopo huo ulikuwa umekubaliwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri kusikiliza. Ilisemwa kwamba Mwafrika alindwe asije akazama kwenye madeni.

Matokeo yake yalikuwa mengine. Mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumpa mali kwa mkopo mchuuzi wa Kiafrika. Benki nazo zilikuwa za kigeni, na fedha zao zilikwenda zaidi kwenye biashara ya kuuza mazao nje na kwenye mashamba makubwa, yakiwemo ya mkonge yaliyozunguka Morogoro, Kimamba na Kilosa. Mkulima wa Uluguru aliyetaka fedha kabla ya mavuno alibaki na njia moja, kumwendea mnunuzi na kumuuzia mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya mnunuzi.

Ubaya wa sheria ya namna hiyo ni kwamba inaingia vichwani. Mtu akikatazwa kukopa kwa miaka 30 hajifunzi kukopa wala kulipa. Siku ikiondolewa, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema kwamba mambo ya benki hayamhusu. Desturi ya kuuza mazao yakiwa shambani imebaki milimani hadi leo, ingawa sheria yenyewe ilikwisha kufutwa.

Kutoka dukani hadi barazani

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na kuamua kushiriki uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ingawa masharti yake yalikuwa magumu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU iliamua kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na madai ya uhuru. Jamal alikuwa mmoja wao, na alishinda.

Julai 1959 gavana aliteua mawaziri watano kutoka miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa. Jamal alikuwa mmoja wa hao watano, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama na Derek Bryceson. Alipewa wizara iliyosimamia serikali za miji na ujenzi. Baada ya uhuru mwaka 1961 aliendelea katika baraza la mawaziri.

Katika nafasi hizo alijulikana kama mtu wa kusoma majalada hadi ukurasa wa mwisho. Hakuwa msemaji wa kuamsha mikutano ya hadhara. Nguvu yake ilikuwa kujua ni fedha kiasi gani ipo, inatoka wapi, na itakwisha lini.

Jembe na nyumba

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana wao kwa wao. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba.

Jamal aligombea Morogoro. Hapo ndipo imani nyingine ilipopimwa. Katika nchi nzima picha ya Mhindi ilikuwa picha ya mwenye duka. Ni yeye aliyenunua mazao kwa bei ya chini, na ni yeye aliyeuza sukari, mafuta ya taa na kanga kwa bei aliyopanga mwenyewe. Kwa mkulima, kumpa mtu wa jamii hiyo kura dhidi ya Mwafrika halikuwa jambo dogo.

Tena Morogoro haikuwa sehemu ya watu wa kukubali kila kitu. Miaka kumi tu kabla, mwaka 1955, wakulima wa Uluguru walikuwa wamekataa mradi wa kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na ghasia za Matombo ziliilazimisha serikali kuuacha mradi huo. Watu wa namna hiyo hawampi mtu kura kwa sababu tu amevaa suti.

Hata hivyo, Jamal alishinda kwa kura nyingi. Katika uchaguzi huo huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyekuwa mwasisi wa ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, alipoteza kiti chake Mwanza. Mwalimu Nyerere akamkabidhi Jamal Wizara ya Fedha. Hivyo mtu aliyeamuliwa na wapiga kura wa Morogoro ndiye aliyekwenda kushika hazina ya taifa.

Shilingi ya kwanza

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa sarafu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia fedha zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha wakoloni. Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi ingeanzisha benki kuu na sarafu yake.

Walikuwepo waliotabiri mabaya. Walisema nchi changa itachapisha noti kila inapoishiwa, na kwamba wakulima wataficha mazao yao badala ya kuyabadilisha kwa karatasi mpya. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa mwishoni mwa mwaka 1965, na benki ikafungua milango Juni 14, 1966, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika ikiwa na thamani ile ile ya shilingi ya Afrika Mashariki, yaani shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza.

Wakulima hawakuficha mazao. Mkungu wa ndizi uliuzwa kwa shilingi mpya kama ulivyouzwa kwa ya zamani. Noti hukubaliwa pale watu wanapoamini kwamba anayeitoa anajua hesabu zake, na mwaka huo waliamini.

Februari 1967

Miezi minane baadaye ulikuja mtihani mkubwa zaidi. Siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa rasmi, yaani Februari 6, 1967, serikali ilitangaza kwamba benki zote za biashara za kigeni zimetaifishwa. Mali na matawi yao viliingizwa katika chombo kipya, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha NBC.

Benki tatu kubwa zilikuwa za Uingereza. Maofisa wao wengi waliondoka katika muda mfupi. Waliobaki walikuwa makarani, wahasibu wadogo na watunza fedha, wengi wao vijana wa Kiafrika na wa Kihindi. Hawa hawakuwa wamewahi kuidhinisha mkopo mkubwa wala kufunga hesabu za mwaka za tawi. Walizoea kuandaa karatasi na kumpelekea mzungu atie sahihi.

Nje ya nchi ilitarajiwa kwamba benki hiyo isingedumu. Haikuwa hofu ya bure. Wenye akiba wangeweza kukimbilia madirishani kutoa fedha zao, na benki za nje zingeweza kukataa hati za NBC. Kama hilo lingetokea, mazao yasingeweza kulipiwa bandarini, na mkulima wa pamba, kahawa au mkonge angekuwa wa kwanza kuumia.

Amon Nsekela alihamishwa kutoka Hazina kwenda kuiongoza NBC. Makarani walipandishwa kuwa wakuu wa matawi, na wataalamu kutoka nchi rafiki waliitwa kuziba mapengo. Jamal kama Waziri wa Fedha alibeba upande wa serikali, ikiwemo mazungumzo ya fidia na benki zilizotaifishwa. Fidia ililipwa baada ya majadiliano marefu, jambo lililosaidia nchi iendelee kuaminika kwa wafanyabiashara wa nje.

Benki haikufunga. Karani aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba kazi yake ni kusaidia aliketi kwenye kiti cha meneja, akafungua leja ile ile aliyoizoea, na hesabu zikakubali. Tofauti ilikuwa kwamba sasa sahihi ilikuwa yake.

Kazi hiyo haikuachwa kwa ujasiri peke yake. Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, palikuwa na shule ya watumishi wa serikali za mitaa tangu mwaka 1953. Mwaka 1972 ilikua na kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, ambacho tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu Mzumbe. Wahasibu na mameneja wengi wa mashirika, halmashauri na ushirika walipitia hapo. Nchi ilikuwa imeelewa kwamba kutunza fedha hakuhitaji damu ya kabila fulani. Ni ufundi, kama kushona au kupogoa mibuni, na ufundi hufundishwa.

Hatua za Jamal zilimfikia pia mkulima. Mwaka 1971, akiwa bado Wizara ya Fedha, ilianzishwa Benki ya Maendeleo Vijijini. Ndiyo iliyogeuzwa mwaka 1984 kuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, CRDB, na baadaye kuwa benki ya biashara ambayo wakulima wanaifahamu leo. Vilevile NBC ilipogawanywa mwaka 1997 ndipo ilipopatikana NMB, ambayo matawi yake yako karibu kila wilaya.

Bei ya kusimama katikati

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama kwa Jamal mwenyewe. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya aina hiyo katika miji yalikuwa ya Waasia, na kwa familia nyingi ndiyo ilikuwa akiba ya uzee. Maelfu walihama nchi.

Jamal alikuwa waziri katika serikali iliyofanya hivyo, na alikuwa mmoja wa jamii iliyoumia. Kwa ndugu zake wengi alionekana msaliti, na kwa baadhi ya Waafrika alibaki Mhindi. Yeye hakuhama. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha au mishahara miwili, yalimhusu yeye pia, na alijulikana hadi mwisho kama mtu mwadilifu.

Fedha ya kahawa

Upande wa pili wa funzo unaanza hapa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 hakuna aliyeuliza tena kama Watanzania wanaweza kuendesha benki. Swali jipya lilikuwa kama wanaweza kusikiliza hesabu pale zinaposema habari mbaya, au zinaposema habari nzuri ambayo haitadumu.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni nchini Brazil. Kahawa ikaadimika duniani, na bei yake ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Tanzania, ambayo ilikuwa imetoka kwenye ukame na kupanda kwa bei ya mafuta, ghafla ikawa na akiba nzuri ya fedha za kigeni. Jamal, aliyekuwa amerudi Wizara ya Fedha mwaka 1975, aliondoka mwaka 1977 wakati akiba hiyo ikiwa imejaa.

Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, hata wakopeshaji wa kimataifa wakiunga mkono. Bidhaa ziliingia kwa wingi. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imekwisha kuanza kushuka, na kufikia mwisho wa mwaka huo akiba ilikuwa imekauka. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500 za Marekani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena.

Hakuna aliyeweza kuzuia vita wala kuipangia Brazil hali ya hewa. Lakini kosa moja lilikuwa la kibinadamu kabisa, na mkulima yeyote wa karafuu au vanila wa Uluguru anaweza kulitambua. Fedha ya msimu mmoja mzuri ilitumika kana kwamba ingekuja kila mwaka.

Mfano ni rahisi. Mkulima aliyezoea kupata shilingi 800,000 kwa msimu akipata shilingi 1,500,000 kwa sababu bei imepanda, kipato chake hakijawa 1,500,000. Bado ni 800,000. Zile 700,000 zilizozidi ni ngao ya msimu mbaya utakaofuata. Akizichanganya na fedha za kila siku, msimu mbaya utamkuta na harusi aliyokwisha kuahidi na pikipiki asiyoweza kuitia mafuta.

Kiwanda cha viatu

Wakati huo huo Morogoro yenyewe ilipata funzo lake. Mji ulichaguliwa kuwa kituo cha viwanda, na mwaka 1977 Benki ya Dunia ilitoa mkopo uliowezesha kujengwa kwa kiwanda kikubwa cha viatu. Kilipangwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe Ulaya.

Jengo lilijengwa kwa kuta za bati la alumini, bila mfumo wa kutosha wa kupitisha hewa, katika mji unaojulikana kwa joto. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake na hakikuuza Ulaya hata jozi moja. Kilifungwa mwaka 1990. Deni halikufungwa pamoja nacho.

Haukuwa uamuzi wa mtu mmoja. Ulipitia mikononi mwa wataalamu wengi, wa ndani na wa nje. Lakini unaonyesha imani nyingine inayofunga macho, ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Imani ya kwanza ilisema hatuwezi kuaminiwa na mkopo. Hii ya pili inasema mkopo ukishapatikana mengine yatajipanga yenyewe. Ya kwanza humfanya mtu asianze, na ya pili humfanya aanze bila kuuliza malighafi itatoka wapi, nani atanunua, na marejesho yatalipwa na nini.

Mkulima anayechukua mkopo wa kununua pampu ya kumwagilia kabla ya kujua kama kijito chake kina maji mwezi wa Septemba anajenga kiwanda kile kile kwa kipimo cha nyumbani kwake.

Miaka migumu

Mwishoni mwa mwaka 1979 Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha baada ya Jamal, alijiuzulu kufuatia mvutano kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mwalimu Nyerere alimrudisha Jamal kwa mara ya tatu. Hazina ilikuwa tupu.

Mwaka 1980 Jamal aliongoza mkutano mkuu wa mwaka wa IMF na Benki ya Dunia uliofanyika Washington, heshima kubwa kwa waziri wa nchi maskini. Mwaka huo huo Tanzania ilifikia makubaliano na IMF, lakini yalivunjika katika muda mfupi kwa sababu masharti yake hayakuweza kutekelezwa. Aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti wa dunia ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani kwenye foleni za sabuni, sukari na mafuta ya taa.

Kwa mkulima miaka hiyo ilikuwa na somo la uchungu. Shilingi aliyolipwa kwa mazao yake haikuwa na cha kununua dukani. Ushirika uliokuwa ukinunua mazao ulikuwa umevunjwa na serikali mwaka 1976, na mashirika ya mazao yaliyochukua nafasi yake yalichelewesha malipo. Mikopo mingi ya vijijini haikurudi, kwa sababu wengi waliihesabu kuwa ni msaada wa serikali. Hata benki zilizozaliwa kwa ujasiri wa mwaka 1967 zilianza kuelemewa na mikopo ya mashirika yaliyokuwa yakila hasara. Benki ilikuwa ya wananchi, daftari lilikuwa mezani na hesabu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kuzifuata.

Mwaka 1983 Wizara ya Fedha ilikabidhiwa kwa Cleopa Msuya. Shilingi ilikuwa imeanza kushushwa thamani, na mwaka 1986 nchi ikaingia katika mpango mpya wa uchumi. Jamal aliendelea kuitumikia nchi, na baadaye aliiwakilisha Tanzania katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Alifariki Machi 1995 huko Vancouver, Kanada, akiwa na umri wa miaka 73.

Kilichobaki milimani

Morogoro ya leo si ile ya mwaka 1965. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulianzia hapa mwaka 1993. Vikundi vya kuweka na kukopa viko katika vijiji vingi, kuanzia SACCOS zilizosajiliwa hadi VICOBA vya akina mama wanaokutana chini ya mwembe na sanduku lenye kufuli tatu. Simu ya mkononi imekuwa dirisha la benki hata mahali ambapo gari halifiki wakati wa masika.

Kwa hiyo sababu nyingi za zamani zimekwisha. Hakuna sheria inayomzuia mkulima kukopa. Hakuna meneja mgeni anayemsubiri atie sahihi. Kilichobaki ni ile sauti ya ndani inayosema kwamba fedha ina wenyewe, na kwamba kidogo hakihesabiki.

Maisha ya Jamal yanaijibu sauti hiyo pande zote mbili. Makarani wa mwaka 1967 walianza na leja waliyokuwa nayo, hawakusubiri kuwa matajiri wala kumaliza chuo. Kwa mkulima leja hiyo ni daftari la shule la kurasa 48. Upande mmoja aandike kinachoingia, na upande wa pili kinachotoka, ikiwemo nauli ya kuteremsha mzigo, ushuru wa soko na soda aliyokunywa stendi. Baada ya miezi mitatu litamwambia jambo ambalo hakuna mtaalamu anayeweza kumwambia, yaani ni zao gani linamlipa na lipi linamla.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya fedha za kahawa na kiwanda cha viatu inaongeza kwamba mali yenye daftari nayo hupotea, tofauti ikiwa kwamba habari zake zinakuwepo. Ndiyo maana kikundi cha VICOBA kinachosoma hesabu zake kwa sauti kila wiki, mbele ya kila mwanachama, kinafanya kazi ngumu kuliko ya kuandika. Kinakubali kusikia.

Wapiga kura wa Morogoro wa mwaka 1965 waliweka kando walichoambiwa kuhusu Wahindi, wakampima mtu kwa kazi. Mwaka 1967 vijana wa benki waliweka kando walichoambiwa kuhusu wao wenyewe. Mkulima anayeteremka kesho alfajiri kutoka Kinole na mikungu yake kumi hadaiwi makubwa kama hayo. Anadaiwa kujua, atakaporudi jioni, mikungu hiyo imemletea shilingi ngapi baada ya gharama zote, na ni ngapi kati ya hizo hazitaguswa hadi msimu mbaya ufike.